Mkuu wa chuo anataka mfumo huria ili afute bajeti: nimshauri nini?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mratibu wa masomo katika chuo ambacho sehemu kubwa ya wanafunzi wake husoma kwa masafa. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi na familia, na hufungua masomo usiku kwa simu, mara nyingi mtandao ukiwa dhaifu au kifurushi kikiwa kinaelekea kwisha. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitumia mfumo wa kulipia wa kusimamia mafunzo, ambao ada yake hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, kwa hiyo kadiri tunavyodahili wengi ndivyo tunavyolipa zaidi. Mkataba wetu unakaribia kwisha. Tulipouliza namna ya kupata nakala ya masomo yetu yote, tulijibiwa kwamba tunaweza kupakua maandishi na mafaili ya wakufunzi, lakini benki ya maswali, ambayo wakufunzi wetu wameijenga kwa jasho, haitoki katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine.

Mkuu wa chuo amesikia kwamba zipo programu huria za kufundishia zisizo na ada ya leseni, na ameniagiza niandike pendekezo la kuhamia huko kabla ya mwaka mpya wa masomo. Amekwisha kuiahidi idara ya fedha kwamba fungu lote la mfumo wa mafunzo litaondolewa katika bajeti. Fundi wetu wa TEHAMA, ambaye yuko peke yake na ndiye pia anayeshughulikia mtandao wa ofisi, kompyuta za maabara na mfumo wa malipo, anapinga kabisa. Anasema kwamba programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, unasomwa na kila mtu inawarahisishia kazi wadukuzi, na kwamba siku mfumo utakapoanguka usiku wa mtihani hatutakuwa na kampuni ya kupigia simu.

Wakufunzi nao hawako pamoja. Baadhi yao waliwahi kufundisha kwa Moodle, mojawapo ya programu hizo huria, katika vyuo vingine na wanaisifu. Wengine wanasema imepitwa na wakati na kwamba tuchukue Open edX. Wapo pia wanaoamini kwamba vipindi vya video vya moja kwa moja vinatosha na mengine yote ni mzigo.

Namheshimu mkuu wangu na namheshimu fundi wetu, na naona kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Je, kuhama ni busara? Tukihama, tuchague programu ipi? Tena nimwambie nini mkuu kuhusu fedha bila kuonekana kwamba ninampinga?

Mratibu aliye njia panda


Ndugu Mratibu,

Hameni, lakini si kwa sababu aliyoitaja mkuu wako, wala kwa haraka anayoitaka. Suala la ada ni la kweli na nitalifikia; hata hivyo, chuo kikihama kwa nia ya kuacha kulipa tu, kitajikuta na mfumo mpya usio na mtu wa kuutunza, na hofu ya fundi wenu itatimia pengine kabla muhula wa kwanza haujaisha.

Katika barua yako yote, lililonigusa zaidi ni lile jibu mlilopewa kuhusu benki ya maswali. Maandishi ya somo yanaweza kuandikwa upya na ratiba ikapangwa upya, lakini maswali yaliyojaribiwa kwa wanafunzi wa miaka mingi, yakarekebishwa pale yalipowachanganya na kupangwa kwa kadiri ya ugumu wake, ni kazi ya kitaaluma ambayo chuo hakiwezi kuinunua popote. Kazi hiyo ni mali ya wakufunzi wenu, na sasa imefungiwa mahali ambapo ninyi hamna ufunguo. Katika Moodle, mkufunzi mwenye ruhusa anaweza kufungasha somo zima, pamoja na majaribio, kazi na mipangilio yake, katika faili moja la akiba ambalo ndani yake mna mafaili ya XML yanayosomeka. Maswali peke yake yanaweza kutolewa kwa muundo wa Moodle XML, au kwa muundo wa GIFT ambao ni maandishi matupu, kiasi kwamba mkufunzi anaweza kuyatunga kwenye kompyuta yake bila intaneti kisha akayapakia baadaye. Uwezo huu wa kuondoka na kazi yenu siku yoyote mtakayotaka ndio sababu ya kuhama, na ningependa uuweke katika aya ya kwanza ya pendekezo lako, kabla ya tarakimu yoyote ya fedha.

Itamsaidia mkuu kujua kwamba Moodle yenyewe ilizaliwa na tatizo linalofanana na lenu. Martin Dougiamas alikuwa msimamizi wa mfumo wa kibiashara wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin huko Perth, Australia, na kutoridhika kwake na mfumo huo ndiko kulikomsukuma kuandika wa kwake. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002 chini ya leseni huria ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza. Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambacho elimu ya masafa ndiyo kazi yake hasa, kilitangaza kwamba kitaitumia. WebCT, kwa upande wake, ilinunuliwa na kampuni shindani ya Blackboard mwaka 2006, na vyuo vilivyokuwa vikiitegemea vikalazimika kupanga mabadiliko ambayo havikuyaomba. Linganisha na yaliyotokea mwaka 2021, wakati huduma ya kozi za mtandaoni ya edX, iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya MIT na Harvard mwaka 2012, iliponunuliwa na kampuni ya 2U kwa dola za Marekani milioni 800. Programu ya Open edX, inayoiendesha huduma hiyo, haikwenda na mauzo hayo. Ilibaki chini ya uangalizi wa shirika lisilo la kibiashara, na taasisi zilizokuwa zimeiweka kwenye seva zao ziliendelea kufundisha. Msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni huria hauwezi kunyang'anywa walionao, hata wamiliki wa jina la biashara wakibadilika.

Usiandike, hata hivyo, kwamba programu huria hazifi. ATutor, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Toronto na iliyowajali mno wanafunzi wenye ulemavu, haijapata toleo jipya kwa miaka mingi, na chuo kilichobaki nayo kinabeba mzigo peke yake. Kwa hiyo, unapopima programu yoyote, tazama kama bado inatoa masasisho kwa ratiba inayojulikana, na kama kuna kampuni zaidi ya moja zinazouza huduma ya kuitunza.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapa ndipo pendekezo lako litasimama au kuanguka. Mkuu yuko sahihi kwamba Moodle haina ada ya leseni na kwamba kudahili wanafunzi wengi zaidi hakutaongeza ada hiyo. Asichokiona ni kwamba katika ile ada ya mwaka mlikuwa mkilipia pia kazi za watu msiowaona: aliyekuwa akihifadhi nakala kila usiku, aliyekuwa akiweka masasisho ya usalama, aliyekuwa akiongeza nguvu ya seva wiki ya mitihani, na aliyekuwa akijibu maswali ya mkufunzi aliyefuta somo kwa bahati mbaya. Mkitoka, kazi hizo hazitoweki, zinahamia kwenu. Nakala ya akiba ya Moodle haikamiliki kwa kuhifadhi hifadhidata pekee, kwa sababu mafaili ya wanafunzi hukaa katika folda yake ya pembeni, na msimbo wenyewe, pamoja na programu za nyongeza mlizoweka, ni sehemu ya tatu; ukipoteza mojawapo, utarejesha mfumo ulio nusu. Aidha ipo kazi ya ratiba, yaani amri inayojiendesha yenyewe (cron), ambayo Moodle hutaka iendeshwe kila dakika kwenye seva, na ikisimama bila mtu kutambua, barua pepe za taarifa haziendi na kazi nyingi zinazofanyika nyuma ya pazia hukwama, huku ukurasa wa mbele ukionekana mzima kabisa. Ni kasoro ya aina hii, isiyopiga kelele, inayohitaji mtu ambaye ni wajibu wake kuangalia.

Ninyi mna fundi mmoja mwenye kazi tatu nyingine. Kwa hali hiyo singewashauri muanze kwa seva yenu wenyewe, na nasema hivi nikijua kwamba wapenzi wengi wa programu huria watanipinga. Tafuteni kampuni itakayowahifadhia Moodle na kuitunza kwa mkataba, iwe miongoni mwa washirika walioidhinishwa na Moodle au kampuni nyingine yenye uzoefu, kwani leseni inamruhusu yeyote kuuza huduma hiyo. Katika mkataba dai mambo mawili bila kuyalegeza: saa za kujibu simu wakati wa mitihani, na haki ya kupewa hifadhidata yote, folda yote ya mafaili na orodha ya programu za nyongeza wakati wowote mtakapoomba. Hapo ndipo tofauti na mkataba wenu wa sasa inapoonekana, kwa sababu kampuni hiyo isipowaridhisha, nyingine inaweza kuchukua mfumo uleule na kuuendesha bila mwanafunzi kulazimika kujifunza upya. Kuna uwezekano mkubwa kwamba jumla ya gharama itapungua, na itaacha kufuata idadi ya wanafunzi moja kwa moja. Kile kitakachopungua, ombeni kilipie mtu mmoja wa kuwasaidia wakufunzi kujenga masomo, ambaye hahitaji kuwa fundi wa kompyuta bali mwalimu anayeujua mfumo. Nimeona vyuo vikiwekeza kwenye seva nzuri na kumsahau mtu huyu, na matokeo yake ni tovuti ya kisasa iliyojaa mafaili ya PDF yaliyopangwa kwa tarehe, bila zoezi hata moja.

Fundi wenu anastahili kusikilizwa kwa makini, na hasa usimjibu kwa ile kauli kwamba msimbo ukisomwa na wengi kasoro zote huonekana. Mwaka 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno duniani. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu matoleo ya mwaka 2012, msimbo ukiwa wazi kwa kila mtu. Anachopaswa kukiona katika kisa hicho ni mwisho wake: marekebisho yalitolewa siku ileile kasoro ilipotangazwa, na tangu hapo tofauti kati ya seva salama na seva hatarini ilitegemea kama msimamizi wake ameyaweka. Msimbo kuwa wazi si tatizo na pia si kinga. Kinga ni masasisho yanayowekwa kwa wakati. Moodle hutoa matoleo makubwa takriban kila baada ya miezi sita, na baadhi ya matoleo hayo hupewa masasisho ya usalama kwa takriban miaka 3. Chuo chenu kichukue toleo la namna hiyo, kisiongeze programu za nyongeza ovyo, kwa kuwa kila moja ina mwandishi wake na inaweza kuachwa, na kiandike katika mkataba wa huduma kwamba masasisho ya usalama yawekwe ndani ya siku zinazotajwa.

Kuhusu mtu wa kupigia simu, fundi ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Leseni ya GPL toleo la 3, katika vifungu vya 15 na 16, inasema waziwazi kwamba programu hutolewa bila dhamana yoyote na kwamba waandishi wake hawawajibiki kwa hasara. Hakuna wa kumshtaki. Simu mtakayopiga usiku wa mtihani itapokewa kwa sababu mmemlipa mtu aipokee, na hii ndiyo sentensi ambayo ningependa mkuu na fundi waisome wakiwa wamekaa meza moja, kwa kuwa inamjibu kila mmoja.

Uchaguzi wa programu hautanichukua muda mrefu. Open edX ni nzuri sana kwa kozi zinazofuatwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, zikiwa na video fupi na mazoezi yanayojisahihisha, lakini kuiendesha kunahitaji ujuzi na seva zaidi, na ukiibadilisha msimbo, leseni yake ya AGPL inakutaka uwape watumiaji wake msimbo uliobadilishwa. Canvas nayo ina msimbo ulio wazi tangu 2011 kwa leseni hiyohiyo, ingawa vyuo vingi vinavyoitumia hulipia huduma ya kampuni iliyoitengeneza. Sakai, ILIAS na Chamilo zina watumiaji waaminifu, na kama chuo jirani kina wataalamu wa mojawapo na kiko tayari kushirikiana nanyi, hilo ni jambo lenye uzito. Kwa chuo kinachodahili makundi ya kawaida, kinachotaka kazi zikusanywe, zisahihishwe na kurudishwa na maoni ya mkufunzi, nami nikizingatia kwamba baadhi ya wakufunzi wenu tayari wanaijua, chaguo langu ni Moodle. Wale wanaosema imepitwa na wakati waonyeshwe toleo la karibuni. Mwonekano wake ulibadilishwa sana kuanzia toleo la 4.0 la mwaka 2022.

Ningependa mjadala wenu wote uanzie kwa yule mwanafunzi uliyemtaja, anayesoma usiku kwa simu huku kifurushi kikikaribia kwisha. Programu ya simu ya Moodle inamruhusu kupakua somo akiwa mahali penye mtandao, kulisoma nje ya mtandao, kuandika mchango wake katika jukwaa la majadiliano na kuandaa kazi yake, kisha simu ikapeleka yote mtandao unaporudi. Hata jaribio linaweza kufanywa nje ya mtandao, lakini kwa sharti kwamba mkufunzi ameruhusu hivyo katika mipangilio na hajaliwekea kikomo cha muda, kwa sababu saa ya seva haiwezi kumfuata mtu asiye hewani. Hili lina matokeo ya kitaaluma ambayo mara nyingi husahauliwa: majaribio ya mazoezi yafanyeni yasiyo na saa, na mitihani yenye saa iwe michache na itangazwe mapema ili mwanafunzi ajitafutie mahali penye mtandao. Vilevile kazi iliyoandikwa nje ya mtandao huhesabiwa kuwa imefika pale simu inapoiwasilisha, wala si pale mwanafunzi alipoimaliza. Kwa hiyo tumieni nafasi ambayo Moodle inatoa ya kuweka tarehe ya kuwasilisha na, kando yake, tarehe ya mwisho kabisa ya kupokea, mkiacha siku kadhaa kati ya hizo mbili. Kabla ya kuahidi chochote, angalieni pia masharti ya programu hiyo ya simu, kwa sababu tovuti zisizolipia huduma yake zina vikomo katika taarifa za papo kwa papo na katika idadi ya masomo yanayopakuliwa. Msimbo wa programu hiyo nao uko wazi, ila kujitengenezea yenu ni kazi ambayo singewatwisha mwaka wa kwanza.

Wakufunzi wanaotegemea video za moja kwa moja wana nia njema, na sauti ya mwalimu ina thamani ambayo maandishi hayana. Lakini kipindi cha video cha saa nzima ndicho kinachomtoa darasani mwanafunzi mwenye mtandao dhaifu. BigBlueButton, programu huria ya vipindi vya video iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton huko Ottawa mwaka 2007 na ambayo sasa imo ndani ya Moodle tangu toleo la 4.0, inatosha kwa vipindi vichache vya maswali na majibu. Fahamuni tu kwamba seva yake hutakiwa kuwa ya peke yake, yenye angalau viini 8 vya kichakataji na kumbukumbu (RAM) ya GB 16, hivyo ni afadhali mwanzoni iendeshwe na kampuni mtakayoingia nayo mkataba. Somo lenyewe liwe maandishi, sauti fupi zilizorekodiwa kwa ukubwa mdogo na mazoezi. Mwombe kila mkufunzi afungue somo lake mwenyewe kwa simu, kwa kutumia data yake, kabla ya kulitangaza. Sijui ukaguzi wa ubora ulio wa haki kuliko huo. Na kama mna vituo vya kusomea ambavyo havina intaneti kabisa, kuna programu huria nyingine, Kolibri, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja ndogo na kugawa masomo kwa simu na kompyuta zilizo karibu bila kwenda nje, ingawa maudhui yake mengi yaliyo tayari ni ya ngazi za shule.

Ratiba ya kuhama kabla ya mwaka mpya wa masomo haifai. Chagueni fani moja ya masomo yenye wakufunzi walio tayari, ifundishwe kwenye Moodle kwa muhula mmoja huku nyingine zikibaki zilipo, na wakati huohuo benki ya maswali ianze kuokolewa. Waandikieni upya watoa huduma wenu, safari hii kwa barua rasmi, mkiuliza kama mfumo wao unatoa miundo ya Common Cartridge au QTI, ambayo ni viwango vya pamoja vilivyowekwa ili mifumo ielewane. Wakati mwingine afisa wa mauzo hukataa jambo ambalo mfumo unaliweza. Wakikataa tena, wakufunzi wanakili maswali kwa muundo wa GIFT, somo baada ya somo, wakianza na yale yanayotumika katika mitihani, na chuo kiwalipe kwa saa hizo kama kinavyowalipa kwa kusahihisha. Ni kazi ya kuchosha, lakini ikishafanyika haitahitaji kurudiwa.

Kwa mkuu, basi, huna haja ya kupinga. Mwandikie kwamba unaunga mkono wazo lake la kuhamia programu huria, kwamba chuo kitaacha kulipa kwa kila kichwa cha mwanafunzi, na kwamba unaomba fungu la leseni libadilishwe jina badala ya kufutwa: sehemu iende kwa kampuni ya kutunza mfumo, sehemu kwa mwalimu wa kuwasaidia wakufunzi, na kinachobaki, kama kipo, kirudi idara ya fedha kama alivyoahidi. Mwombe fundi aandike kiambatisho cha usalama kwa mkono wake mwenyewe, ili masharti yake yawe sehemu ya pendekezo badala ya kuwa kipingamizi chake. Ila kabla ya hayo yote, pelekeni wiki hii ombi la kurefusha mkataba wa sasa kwa muhula mmoja, kwa sababu mkataba huo ukiisha kabla maswali hayajatolewa, mtabaki mkimwomba awaruhusu kuingia mtu ambaye hamna tena mkataba naye.